Pointi 3 na ghala 1: kupanga reli ndogo ya kiwandani

Oktoba 2012, treni ya abiria ya jijini Dar es Salaam ilipoanza kubeba watu kati ya Stesheni na Ubungo Maziwa, ile ambayo mitaani waliibatiza jina la Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo na kuiita treni ya Mwakyembe, wengi walishangaa kwamba kumbe siku zote palikuwa na reli pale. Sisi tuliokulia Tabata hatukushangaa. Tulikuwa tunaivuka kila asubuhi tukienda shule. Tulichokuwa hatukijui ni kwamba kitu kile kina jina lake na kanuni zake: ni tawi la kiwandani, reli inayochomoka kwenye njia kuu, ikajipenyeza kati ya kuta na mabati, ikaishia mlangoni kwa mteja. Jina la kituo cha mwisho linajieleza lenyewe. Maziwa yale ni ya kunywa, ya kiwanda.

Naandika kwa ajili ya mtu anayetaka kujenga reli ndogo nyumbani kwake, ya kuendesha kwa mkono na kwa akili, na ambaye hana chumba cha ziada. Nimeona wengi wakianza kwa kununua seti yenye duara la reli. Treni inazunguka, watoto wanapiga makofi, na baada ya wiki mbili seti iko juu ya kabati. Tatizo si treni. Tatizo ni kwamba uzuri wa njia kuu uko kwenye umbali, na umbali ndicho kitu pekee ambacho chumba hakiwezi kutoa. Ukipunguza dunia mara 87, kipimo kinachotumika sana duniani kwa reli za mfano, kilomita 1 inakuwa mita 11 na nusu. Dar es Salaam hadi Morogoro, kama kilomita 200 kwa reli, ingetaka zaidi ya kilomita 2 za reli ndogo. Hata ukiwa na ukumbi wa harusi hutoboi.

Tawi la kiwandani halina shida hiyo. Kazi yake si kwenda mbali. Kazi yake ni kupeleka behewa fulani kwenye mlango fulani, kulichukua lililomaliza kupakuliwa, kuyapanga yanayobaki, na kuondoka. Treni inaweza kukaa saa nzima ndani ya eneo la mita 250 na dereva asipate hata dakika ya kuzubaa. Watu wa reli huiita kazi hiyo shantingi. Nami kwa miaka yote niliyochezea reli ndogo nimeamini jambo moja: anayepanga tawi la kiwandani hapangi reli, anapanga kazi. Reli zinafuata.

Kabla ya kuendelea, tukubaliane maneno. Kichwa ni injini inayovuta. Pointi ni mahali njia moja inapogawanyika kuwa mbili, pale ulimi wa chuma unapohama kushoto au kulia. Saidingi ni njia ya pembeni inayoishia ukutani. Mataruma ni yale magogo, siku hizi ya chuma au zege, yanayozishika reli. Maneno mengine tutayakuta njiani.

Sasa tuingie kwenye fundo lenyewe, maana hapa ndipo watu hupotea, na vitabu vingi hulipita haraka. Fundo ni mwelekeo wa saidingi.

Fikiria treni inatoka kushoto kwenda kulia, kichwa kiko mbele, mabehewa yanafuata. Saidingi ya kwanza pointi yake imekaa hivi: ukiipita, saidingi inabaki nyuma yako, imelala sambamba na njia uliyotoka. Hii ni rahisi. Unaipita pointi, unasimama, pointi inabadilishwa, unarudi kinyumenyume, na behewa la mwisho linaingia saidingi kabla ya kitu kingine chochote. Unalikata, unasonga mbele, umemaliza. Saidingi ya pili pointi yake imegeuka upande mwingine: inafunguka mbele yako, kulia. Ukiingia nayo vilevile, kichwa ndicho kinachotangulia kugonga ukuta, na mabehewa yanakifungia nyuma kama mtu aliyeingia chumbani kisha akavuta kabati mlangoni. Hakuna namna ya kuliacha behewa ndani na wewe ukatoka.

Tofauti ya saidingi hizi mbili ni kipande cha chuma kilichogeuzwa upande, basi. Lakini ya kwanza ni kazi ya dakika tatu, na ya pili haiwezekani kabisa mpaka kichwa kihame kutoka mbele ya mabehewa kije nyuma yake, kiyasukume. Ili kihame, lazima pawe na njia mbili sambamba, ya mbele na ya nyuma, zilizounganishwa kwa pointi huku na huku. Kichwa kinayaacha mabehewa njia ya mbele, kinatoka upande wa kulia, kinarudi kwa njia ya nyuma, kinatokea kushoto, kinayakamata kwa mkia. Umbo hilo la njia mbili nitaliita lupu, na kitendo chenyewe kukizungusha kichwa.

Lupu ndiyo moyo wa mpango mzima. Urefu wake unaamua treni yako iwe ndefu kiasi gani, kwa sababu mabehewa yasiyotosha ndani ya lupu hayazungukiki. Na kuna kipimo cha pili kinachosahaulika zaidi: kipande cha reli kinachobaki baada ya pointi ya mwisho, kule ambako kichwa kinajitokeza kabla ya kugeuka. Nitakiita mkia. Mkia ukiwa mfupi kuliko kichwa kwa sentimita 2, lupu yako ya gharama ni pambo. Nimewahi kuona mpango uliochorwa vizuri mno, wenye saidingi 7, ambao haukuweza kuhudumia hata moja kwa sababu hiyo.

Kuna njia za watu waliotutangulia kwenye jambo hili. Mwingereza Alan Wright aliunda mpango mdogo unaojulikana kama Inglenook Sidings, akiutoa kwenye saidingi halisi za Kilham, kaskazini-mashariki mwa Uingereza. Pointi 2 tu, njia 3: moja inabeba mabehewa 5, nyingine mbili zinabeba 3 kila moja, na mkia unaobeba kichwa na mabehewa 3. Unaweka mabehewa 8, unachanganya kadi 8, unavuta 5, na unatakiwa kuunda treni ya mabehewa hayo 5 kwa mpangilio uleule wa kadi. Treni zinazoweza kuitwa ni 6,720, yaani 8 mara 7 mara 6 mara 5 mara 4. Ukicheza moja kila jioni utamaliza baada ya miaka 18. Halafu kuna John Allen wa California, fundi mkubwa wa reli ndogo aliyefariki Januari 1973. Yeye alibuni Timesaver, mpango wenye pointi 5 na njia zilizobanwa makusudi ili watu washindane na saa.

Yote miwili ni mizuri, lakini siipimi sawa. Timesaver ni fumbo. Hakuna shirika la reli lililowahi kujitesa kwa kulaza reli namna ile, na baada ya muda mikono inachoka kujua kwamba ugumu umewekwa ili uwe mgumu. Inglenook ina utulivu, kwa sababu ilitoka mahali palipokuwepo. Ninachokitafuta mimi ni ugumu unaotokana na kiwanda chenyewe: ukuta ulikuwepo kabla ya reli, barabara inakatiza, mlango wa ghala uko pale ulipo. Basi tujenge hivyo.

Nachukua ubao wa mita 3 kwa upana wa sentimita 40, unaokaa juu ya rafu sebuleni. Kwa kipimo cha 1 kwa 87, mita 3 ni mita 261 za kweli. Nachagua reli ya upana wa mita 1, ile ya zamani ya Shirika la Reli Tanzania (TRC), kwa sababu ndiyo ninayoijua. Upana wa mita 1 ukiugawa kwa 87 unapata milimita 11.5, na reli ndogo ya milimita 12 inauzwa bila shida huko Ulaya kwa sababu Uswisi nayo ina reli nyingi za mita 1, na kampuni kama Bemo wametengeneza treni zake kwa miaka mingi. Reli na magurudumu utayapata. Mabehewa ya kwetu hutayapata. Utayajenga mwenyewe kwa plastiki bapa juu ya magurudumu ya Kiswisi, au utamwomba kijana mwenye printa ya 3D. Anayependa TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ana bahati ya aina nyingine: reli yake ni milimita 1,067, na ukiigawa kwa 64 unapata 16.7, karibu kabisa na reli ya milimita 16.5 inayopatikana kila duka la reli ndogo duniani. Mabehewa ya 1 kwa 64 ni makubwa, yanashikika, lakini yanakula nafasi. Kwa SGR, yenye milimita 1,435, kila kitu kipo tayari madukani kwa vipimo vya 1 kwa 87 na 1 kwa 160, ila SGR sikushauri kwa kazi hii. Ile ni reli ya kwenda.

Hesabu sasa. Behewa la mita 13 linakuwa sentimita 15. Na kiungio chake nalihesabu 16. Kichwa nakihesabu 18. Pointi moja nalipa sentimita 22, na baada ya kila pointi naacha sentimita 10 ambazo behewa haliruhusiwi kusimama, maana njia mbili bado ziko karibu mno na litakwanguana na mwenzake wa njia ya pili. Hizo sentimita 10 ndizo wachoraji wengi huziiba kwenye karatasi, kisha wanakuja kuzilipa siku ya kwanza ya kuendesha treni.

Wazo langu la kwanza lilikuwa na saidingi upande wa kushoto, lupu katikati, na saidingi nyingine kulia kando ya mkia. Nikajumlisha. Saidingi ya kushoto na pointi yake: 132. Lupu ya mabehewa 4, yaani 64, pamoja na pointi mbili na nafasi za usalama mbili: 128. Jumla 260. Imebaki 40. Nikiweka pointi ya saidingi ya kulia, 22 zinaondoka, inabaki 18, na humo natakiwa nipate mkia wa kichwa na nafasi ya behewa. Haiwezekani.

Hapo kuna vishawishi viwili. Cha kwanza ni kufupisha lupu ibebe mabehewa 2. Cha pili ni kununua pointi kali, fupi zaidi. Vyote viwili vinatoa kitu kutoka kwenye moyo ili kulisha kidole. Suluhisho lililonifurahisha ni kuiondoa pointi ya nne kabisa. Mkia wenyewe uwe mlango wa mteja. Ghala linajengwa ukutani mwa mkia, mwisho kabisa, likiwa na nafasi ya behewa 1 tu. Sentimita 40 toa 16 za behewa, zinabaki 24. Kichwa cha 18 kinapita. Pointi zimekuwa 3. Gharama imepungua, na kazi imeongezeka, kwa sababu sasa kila kichwa kinapojizungusha kinalichungulia behewa la ghala, na behewa hilo haliwezi kuingizwa bila kusukumwa kutoka kushoto.

Upande wa kushoto naweka kiwanda cha kukamua mafuta ya kula, cha kubuni. Saidingi yake inafunguka kuelekea kushoto, rahisi kwa treni inayoingia, na ina sentimita 100 za kutumika. Mabehewa 4 ni 64. Zinazobaki zinabeba kizuizi cha mwisho na geti la barabara. Na hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo penye siri kubwa kuliko hata lupu.

Anayeanza huwaza viwanda vingi. Kimoja cha saruji, kimoja cha bia, bohari ya mafuta, kiwanda cha nguo, kila kimoja na saidingi yake na mlango wake mmoja. Ubao unajaa pointi, majengo yanakuwa madogo kama maboksi ya viatu, na kazi yenyewe ni ileile: ingiza behewa, toa behewa. Kiwanda 1 kikubwa chenye milango 4 tofauti kinatoa kazi zaidi kwa reli 1 iliyonyooka. Kiwanda cha mafuta kinapokea mbegu za pamba kutoka Shinyanga na alizeti kutoka Singida, kwenye mabehewa yaliyofunikwa, yanayopakuliwa kwenye mlango wa kwanza na wa pili. Kinapokea mafuta ghafi kwa behewa la tanki, na tanki lazima lisimame mlango wa tatu penye bomba, si hatua moja kushoto wala kulia. Kinatoa mashudu, chakula cha mifugo, kutoka mlango wa nne mwisho kabisa, penye vumbi. Kwa hiyo kulitoa behewa la mashudu lililojaa unalazimika kuyatoa yote matatu yaliyo mbele yake, hata kama wakuli bado wamo ndani wanapakua mbegu, kisha uyarudishe kila moja mlangoni kwake. Behewa lililorudishwa mlango usio wake ni kosa. Hivyo ndivyo viwanda halisi vilivyo, na hapo ndipo ubao wa mita 3 unapokuwa mkubwa.

Tuendeshe siku moja ya kazi. Kushoto, nje ya ubao, nina kipande cha kuegeshea cha sentimita 90, ubao mwembamba wenye reli moja unaofungwa kwa boliti na kuondolewa ukimaliza. Hicho ndicho Dar es Salaam nzima, Tabora, Mwanza na Kigoma kwa pamoja: kila kisichoonekana. Treni ya leo inatoka hapo na mabehewa 3. Nyuma ya kichwa lipo behewa la ghala, la pili ni mbegu, la tatu ni tanki. Ghala leo liko wazi. Kiwandani yamo mabehewa 2 ya kuondoka: tanki tupu na mashudu yaliyojaa.

Treni inaingia, inapita pointi ya kiwanda, inasimama njia ya mbele ya lupu. Kichwa kinajikata, kinatoka hadi mkiani, kinarudi kwa njia ya nyuma, kinaingia moja kwa moja kiwandani na kuyakamata mabehewa 2 ya zamani. Kinayavuta hadi njia ya nyuma na kuyaacha. Kinatoka tena mkiani, kinarudi njia ya mbele na kulikamata behewa la ghala, ambalo bado limeshikana na mbegu na tanki. Kinasukuma yote matatu kwenda kushoto, pointi imefunguliwa kwa kiwanda, tanki linafika bombani, mbegu zinafika mlango wa pili. Kinakata, kinarudi na behewa la ghala peke yake.

Hapa ndipo mgeni anakwama. Kichwa kiko kulia kwa behewa la ghala, na ghala liko kulia vilevile. Ni lazima kijizungushe kije kushoto. Lakini njia ya nyuma imezibwa na mabehewa ya zamani. Unaona mtu anasimama, anakuna kidevu, anatazama ubao kama anatazama bao la kete. Jibu ni kuliacha behewa la ghala njia ya mbele, kwenda kuyachukua yale ya zamani kwanza, kuyasukuma kushoto hadi njia ya kuingilia, kando ya kiwanda, na kuyaegesha huko kwa muda. Njia ya nyuma imekuwa tupu. Sasa kichwa tayari kiko kushoto kwa behewa la ghala, kinaingia njia ya mbele, kinalisukuma taratibu hadi mwisho wa mkia. Kisha kinarudi kushoto, kinayakamata mabehewa ya zamani, kinayavuta ndani ya lupu, kinajizungusha mara ya mwisho kwa zile sentimita 24 zilizobaki mbele ya ghala, kinakaa mbele yake, na treni inaondoka.

Kwa mwendo wa kweli hiyo ni kazi ya nusu saa au zaidi. Mwendo wa kweli una hesabu yake: shantingi ya kilomita 10 kwa saa, kwa 1 kwa 87, ni sentimita 3 na kidogo kwa sekunde. Ubao wote wa mita 3 unavukwa kwa dakika 1 na nusu. Ukienda kasi zaidi unaiharibu siku yako mwenyewe. Kila unapounganisha, hesabu kimoyomoyo muda wa mtu kushuka, kuunganisha bomba la breki na kulegeza breki ya mkono. Kila unapovuka geti la barabara, simama, mtu ashuke na bendera nyekundu. Hakuna anayekulazimisha, ila ukifanya hivyo siku mbili tatu utashindwa kuacha.

Na kazi itoke wapi? Kadi. Kila behewa lina kadi yake, na kila mlango una vikaratasi vya oda: mbegu, mlango wa 1, tanki, mlango wa 3, ghala, mahindi. Kabla ya kuanza unavuta vitatu bila kuchagua. Mara nyingine utakuta ghala halijamaliza kupakua na behewa jipya limefika; basi linakaa njia ya nyuma ya lupu hadi kesho, na kesho hiyo lupu yako ni nusu. Ugumu huo haukubuniwa na mtu, umezaliwa na siku iliyotangulia.

Umeme nitaupita upesi, kwa sababu umeandikwa sana. Reli hizi hutumia volti 12 za mkondo mnyoofu, na kwa kichwa kimoja huhitaji mfumo wa kidijitali, ingawa ukiupata mwendo wa polepole unakuwa laini zaidi. La muhimu kuliko yote ni kwamba shantingi hufanyika taratibu, na kichwa kinachokwenda taratibu kinasimama kwenye kila vumbi. Futa reli kwa spiriti. Pointi zenye moyo (pale reli mbili zinapokatana) wa plastiki, usiopitisha umeme, zitakuudhi kila siku. Lipa zaidi upate za chuma zinazounganishwa na waya. Viungio vya kufungua kwa kijiti ni bora kuliko vya sumaku iliyofichwa chini: chukua kijiti cha mishikaki, kichonge kama bisibisi, kiingize kati ya viungio viwili, zungusha. Unakuwa wewe ndiye mtu wa shantingi aliyeshuka. Kwa wanaoishi pwani, acha mwanya wa milimita moja kwenye maungio ya reli, na ipake rangi mbao pande zote, hata chini, kabla ya masika. Plaiwudi iliyonywa unyevu haisamehi.

Majengo yasimame nyuma, bapa. Ghala na kiwanda havihitaji kuwa na kina. Ukuta wa mbele wenye unene wa sentimita 4 uliogundishwa kwenye ubao wa nyuma unatosha, na unakuruhusu kuujenga kiwanda urefu wa sentimita 80 badala ya kukikata kiwe kibanda. Fanya jengo liwe refu kuliko behewa mara 4 au 5. Kiwanda kilicho kidogo kuliko mabehewa yake hakiaminiki, na jicho hulijua hilo kabla akili haijasema.

Kuhusu mandhari, nenda ukaangalie. Tembea Tabata na Buguruni, au kama uko Nairobi, kando ya reli za Industrial Area, ukaone reli ya kiwandani inavyozeeka. Haina kokoto safi kama njia kuu. Mataruma yamezama kwenye udongo mwekundu na majivu, nyasi zimeota katikati, mtu ameanika dagaa kando, mama ntilie amefunga turubai kwenye nguzo ya ukuta wa kiwanda, na njia ya miguu inaifuata reli kwa sababu ndiyo fupi kuliko zote. Udongo wa kweli uliochekechwa kwa chujio la chai na kugandishwa kwa gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji, sehemu moja ya gundi kwa sehemu moja ya maji, hauna mshindani. Nilitumia mchanga wa duka mwanzoni, ukawa wa kijivu, wa nchi nyingine. Udongo wa Pugu uliipa reli yangu anwani. Upitishe sumaku kwanza, kwa sababu udongo wetu huwa na chembe za chuma zinazopenda kuingia ndani ya mota.

Usinunue chochote bado. Boksi la kiberiti lina urefu wa kama sentimita 5, theluthi ya behewa letu. Chukua karatasi ya manila, uunge hadi upate mita 1, theluthi ya ubao wetu, na uchore njia kwa kalamu: pointi 3, lupu, mkia, saidingi. Andika juu ya kila kiberiti: mbegu, mbegu, tanki, tanki, mashudu, ghala. Kichwa kiwe kiberiti kilichopakwa rangi, kilichoongezwa nusu sentimita ya karatasi. Weka sheria moja: kiberiti hakiruki, kinafuata mstari, na kichwa ndicho pekee kinachoguswa kwa mkono. Endesha siku 10 za kazi mezani. Kama mkia wako ni mfupi utajua siku ya kwanza. Kama mlango wa tanki ungekuwa bora ukiwa wa pili badala ya wa tatu, utajua kufika siku ya nne, nawe utaufuta kwa raba.

Mpango wa kwanza nilioujaribu hivyo ulikuwa na pointi 6. Hizi 3 ndizo zilizobaki baada ya viberiti kumaliza kazi yake.